Umeagiza bunduki mpya imefika na masizi? Mwongozo kamili wa kujua kama umeuziwa mtumba (kwa tulioko Marekani)

Nianze na lililo kubwa maana najua wengi hawafiki mwisho wa maandishi marefu. Ukishajaza Fomu 4473 (ile ya serikali ya kuchukulia bunduki dukani), bakigraundi cheki ikapita na dila, yaani mfanyabiashara wa bunduki mwenye leseni, akakukabidhi bunduki, basi kwa wauzaji karibu wote hiyo bunduki imeshakuwa mtumba, hata kama bado iko kwenye nailoni yake na hujafika hata kwenye gari. Hawaipokei tena kama mpya, wengi hawaipokei kabisa, watakwambia malizana na kiwanda. Kwa hiyo ukaguzi wote unaotaka kuufanya unaufanya palepale kaunta, kabla hujashika kalamu. Mengine yote humu ni namna ya kukagua na nini cha kufanya ukikuta kitu kinakutia shaka.

Naongelea Marekani kwa sababu ndiko mtu wa kawaida anakaa kwenye kochi anaagiza bastola kwa simu kama anaagiza viatu, na ndugu zetu wengi wenye grini kadi au uraia, kuanzia Texas mpaka Ohio mpaka Minnesota, siku hizi wananunua, wengine kulinda nyumba, wengine wanafanya kazi za ulinzi, wengine wameanza kuwinda. Walioko kwa viza ya muda, ya masomo au matembezi, sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki isipokuwa kwa misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji, kwa hiyo nyie ongeeni na mwanasheria kwanza kabla hamjaingiza namba ya kadi popote.

Bunduki imepita mikono mingapi

Kabla hujamshuku mtu jua njia yenyewe. Tangu Gun Control Act ya 1968 duka la jimbo lingine haliruhusiwi kukutumia bunduki mpaka mlangoni, linaituma kwa dila mwenye leseni ya shirikisho, FFL, karibu na kwako, wewe unaenda kuichukua pale na kujaza fomu. Kwa kawaida inatoka kiwandani, inaenda kwa msambazaji wa jumla, inaenda duka la onlaini (na mara nyingi duka la onlaini hata haliigusi, linamwambia tu msambazaji atume), ndio inafika kwa dila wako. Kila mwenye leseni anaandika kwenye kitabu chake ameipata kwa nani na lini, ameitoa kwenda kwa nani na lini. Hicho kitabu ni rafiki yako. Kama kuna mteja aliwahi kukabidhiwa hiyo bunduki kisha akairudisha, kurudi kwake kuna mstari kwenye kitabu cha duka fulani. Huna haki ya kukifungua mwenyewe, lakini kuuliza hakuna anayekukataza, na muuzaji akianza kuzungukazunguka kwenye swali dogo kama hilo shika hilo kichwani.

Mtumba unaingiaje kwenye boksi jipya? Njia ni nyingi. Mteja kairudisha na mtu wa stoo kaiweka rafu ya mipya. Bunduki ilikuwa ya kuonyeshea kaunta na kila anayeingia anaivuta slaidi (kile chuma cha juu kinachoteleza nyuma na mbele). Ilikuwa ya maonyesho, watu wakaifyatulia renji (uwanja wa shabaha) wikiendi nzima. Au fundi kaifungua akabadilisha triga, hakuipenda, akarudisha ya zamani. Sio kila mara ni wizi, nyingi ni uzembe tu wa stoo, ila wewe umelipa bei ya kipya na bei ya kipya na ya mtumba haziko sawa.

Kiwandani wanaifyatua, usitoke povu bure

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Bunduki mpya kufika na masizi kidogo ni kawaida kabisa. Viwanda karibu vyote vyenye jina vinafyatua bunduki kabla haijatoka, risasi chache tu, kuona inafanya kazi, na mara nyingi mojawapo ni ile yenye shinikizo kubwa kuliko ya kawaida, ya kupima nguvu ya mtutu na chemba (pale risasi inapokaa). Ulaya hili sio hiari, nchi zilizoko kwenye mkataba wa CIP, wa kupima bunduki, zina nyumba rasmi za kupimia, kuna ya Ulm kule Ujerumani, Liège Ubelgiji, Gardone Val Trompia Italia, Birmingham na London Uingereza, na bunduki haiuzwi mpaka igongwe muhuri. Marekani hakuna sheria hiyo, viwanda vinajipima vyenyewe kwa viwango vya SAAMI, chama chao cha tangu 1926.

Glock kwa miaka mingi walikuwa wanaweka kabisa kibahasha chenye maganda mawili ya risasi zilizofyatuliwa kiwandani na tarehe juu yake, sababu kubwa ni kwamba Maryland (2000) na New York (2001) zilianza kudai maganda ya kila bastola mpya ili wayahifadhi. New York wakaachana nayo 2012, Maryland 2015. Sasa mtu ananunua, anafungua boksi, anakuta maganda yaliyokwisha kulipuliwa, anapiga kelele kauziwa mtumba, kumbe ile bahasha ndiyo inayoonyesha nani alifyatua na lini. CZ, kiwanda cha Kicheki, nao wana kawaida ya kuweka kikaratasi cha shabaha chenye matundu. Hivyo ukikuta ni salama, vitunze.

Masizi ya kiwandani yanakaaje? Kivuli cha kijivu au cheusi kwenye mdomo wa mtutu, kivuli kingine kwenye uso wa nyuma pale ganda linapoegemea, na yamechanganyika na mafuta ya kuhifadhia. Ukipitisha kitambaa kimoja kinatoka cheusi, cha pili kinatoka karibu kisafi. Hayajajigandisha pembeni, hayajajaa kwenye vikona. Hicho ndicho kipimo changu, nikiona weusi umekauka mpaka unahitaji brashi na dawa kuutoa, sio kiwandani huko.

Tofautisha michubuko na masizi

Hili likikukaa kichwani umeshamaliza nusu ya kazi. Kuna alama za chuma kusuguana na chuma, na kuna alama za moto. Bunduki ya kuonyeshea dukani itakuwa na michubuko mingi, rangi imetoka juu ya mtutu pale slaidi inapopita, reli zinang'aa, lakini ndani ya mtutu ni kusafi. Hiyo imeshikwashikwa, haijafyatuliwa. Bunduki iliyopelekwa renji ina vyote viwili kwa pamoja, michubuko NA masizi, tena kwenye sehemu ambazo kuvutavuta kwa mkono hakufiki. Na iliyosafishwa ili kufichwa ina michubuko, haina masizi, ila pia haina mafuta ya kiwandani, inanukia dawa ya kusafishia. Pua yako itumie, dawa za kusafishia bunduki zina harufu kali huwezi kuikosa.

Na usisahau kwamba michubuko kidogo inatokea hata kiwandani kwa sababu wanavuta slaidi mara kadhaa wakati wa kuiunga. Mstari mwembamba peke yake sio kesi.

Hatua ya 1: maandalizi kabla hujaenda kuichukua

Piga simu kwa dila uliza kama anaruhusu kukagua kabla ya kujaza fomu (wengi wanaruhusu, wengine wanakuharakisha, bora ujue mapema) na anatoza kiasi gani ikibidi kuirudisha ilikotoka. Soma tena ukurasa ulionunulia na upige picha ya skrini, angalia wameandika nini hasa, maana kuna maduka yanauza bunduki zilizorudishwa na polisi, au zenye kasoro ya rangi, au boksi lililofunguliwa, na wameandika kwa herufi ndogo chini kabisa. Kama wameandika ukapitiwa, hapo huna kesi.

Beba tochi ndogo yenye mwanga mkali, kitambaa cheupe kisafi, pamba za masikio, na simu yenye chaji. Basi. Risasi usibebe, hakuna anayependa kuona mtu anaingia na risasi kwenda kukagua bunduki kaunta.

Hatua ya 2: kaunta

Omba dila mwenyewe aifungue na kukuonyesha ni tupu. Magazini inatoka kwanza, kisha slaidi inavutwa na kufungwa nyuma, kisha mnaangalia chemba wote wawili kwa macho. Akikukabidhi rudia mwenyewe, hata kama umemwona. Mdomo wa mtutu uangalie mahali salama, kidole kiwe mbali na triga. Usiifungue vipande na usivute triga bila kumwomba ruhusa, na hili lina sababu, Glock kwa mfano huwezi kutoa slaidi mpaka uvute triga kwanza, sasa fikiria unavuta triga dukani bila kusema kitu. Bunduki za .22 ndio kabisa usivute triga ikiwa tupu, nyingi pini yake inagonga ukingo wa chemba inauharibu.

Dila wa kupokelea sio aliyekuuzia, usimgombeze. Mwambie tu kwa upole kwamba ulilipia mpya na unaomba dakika chache uiangalie kabla ya fomu. Akiiona kasoro pamoja na wewe, huyo ndiye shahidi wako mzuri kuliko wote, maana ni mtu wa kazi hiyo na hana faida yoyote kwenye kesi yako.

Anza na boksi. Siriali iliyoko kwenye lebo ya boksi ifanane na iliyoko kwenye fremu, namba kwa namba, herufi kwa herufi. Glock siriali iko sehemu tatu, fremu, slaidi na mtutu, zote zifanane. SIG P320 siriali ya kisheria iko kwenye kile kichuma cha ndani chenye triga, unaiona kupitia kidirisha. Zisipofanana simama hapohapo, usiendelee. Siriali iliyokwaruzwa au kufutwa hiyo usiiguse kabisa, kuwa nayo tu ni kosa la shirikisho.

Kisha vitu vya ndani: magazini ziwe idadi iliyoandikwa, mifuko yake haijachanwa, kitabu cha maelekezo hakijakunjwakunjwa, vipande vya kubadilisha mshiko vipo. Kufuli ya usalama pia, kwa sababu sheria ya 2005 inamtaka muuzaji mwenye leseni atoe kifaa cha kufungia kwa kila bastola anayomkabidhi mteja. Boksi lililokosa vitu viwili vitatu limeshafunguliwa na mtu.

Halafu skrubu. Watu wanakimbilia mtutu wanaacha skrubu, wakati skrubu ndio haidanganyi. Kiwandani wanafunga kwa mashine inayokaa sawasawa kwenye kichwa cha skrubu. Ukikuta kichwa kimetafunwa, au kuna mikwaruzo kuzunguka pini za fremu, kuna mtu kaifungua na bisibisi isiyo saizi yake. Masizi unaweza kuyafuta, skrubu iliyotafunwa labda uibadilishe.

Hatua ya 3: ukaguzi wenyewe kwa aina ya bunduki

Bastola za kawaida za slaidi. Kama ni Glock, geuza slaidi uangalie ndani ya reli, utakuta grisi ya rangi ya shaba, nzito kama siagi iliyolainika. Kiwanda kinaiweka na kitabu chao kinasema usiifute mwanzoni. Ikiwepo na imekaa vizuri bila kuchanganyika na weusi, hiyo karibu hakika haijafyatuliwa zaidi ya kule kiwandani. Ikiwa haipo, reli kavu au kuna mafuta meusi, kuna mtu kaisafisha na madila wa kawaida hawana muda wa kusafisha bunduki za watu. Lakini hii ni Glock tu, usiende kuitafuta kwenye bastola za kampuni nyingine kama Ruger ukaanza ugomvi.

Baada ya hapo mulika uso wa nyuma, pale kwenye tundu la pini. Risasi chache zinaacha kivuli chepesi. Nyingi zinaacha duara linalong'aa na vumbi la rangi ya dhahabu lililotoka kwenye maganda. Kisha ile ndoano ndogo inayovuta ganda litoke, chukua pamba ya masikio uipitishe chini yake. Hii ndiyo sehemu ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu uchafu unajibana pale na aliyesafisha haraka haraka huwa anapasahau. Ikitoka na vichenga vya shaba na masizi yaliyoshikana kama lami, hiyo imepiga maboksi ya risasi. Malizia na mteremko unaopandisha risasi kwenye chemba na midomo ya magazini, ukiona michirizi ya rangi ya shaba kwenye magazini ambazo zilikuwa kwenye mifuko yake, kuna risasi zimepita humo.

Ribolva, zile za silinda. Fungua silinda uangalie uso wake wa mbele. Kila tundu lililofyatuliwa linaacha pete nyeusi. Ribolva mpya kuwa na pete kwenye matundu mawili matatu, au hata yote ila nyepesi, ni mambo ya kiwandani. Pete nzito kwenye matundu yote sita, na weusi umepanda mpaka kwenye chuma cha juu ya pengo kati ya silinda na mtutu, hapo uliza maswali. Ule mstari unaozunguka silinda watu wanaulalamikia sana, mimi siuchukulii kama ushahidi, kuzungushazungusha mkononi tu kunautengeneza.

AR-15, zile bunduki ndefu za nusu otomatiki. Angalia lile nundu la nyuma ya dirisha la kutolea maganda. Maganda yanalipiga kila risasi na yanaacha alama za rangi ya shaba, chache ni sawa, likiwa limepakwa lote sio sawa. Kisha toa bolti (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma) utazame mkia wake, sehemu ya nyuma iliyochongoka, masizi magumu pale hayaji kwa risasi tatu nne. Angalia pia mdomo wa kile kibomba cha juu kinachopokea gesi, na alama ya pini inayozungusha bolti ndani ya ukuta wa juu wa bunduki.

Bunduki za kuwindia za bolti. Hapa mtutu utakupa kidogo, tafuta alama za darubini. Bunduki uliyonunua bila darubini haina sababu ya kuwa na alama za pete au skrubu za reli zilizolegezwa. Mtu aliyefunga darubini hakufanya hivyo akaiangalie sebuleni, alienda nayo renji kuipima. Kama unazo zile kamera ndogo za USB zinazoingia kwenye mtutu (siku hizi ni bei rahisi) utaona michirizi ya shaba kwenye mifereji ya ndani, na kwa risasi zenye nguvu sana zilizopigwa nyingi utaona nyufa ndogondogo mwanzoni mwa mtutu kama udongo wa bwawa lililokauka. Hiyo ikiwepo usijadiliane, rudisha.

Shotigani. Mulika ndani ya mtutu mbele ya chemba, vikombe vya plastiki vya risasi zake vinaacha michirizi ya plastiki. Mkono wa pampu ukiwa umelegea na vyuma vyake vinang'aa nayo ni dalili, ila pampu dukani kila mtu anaivuta kwa ajili ya ule mlio, kwa hiyo nenda taratibu.

Hatua ya 4: tarehe na waranti

Bunduki za Kicheki zina muhuri wenye tarakimu mbili za mwaka zilipopimwa. Za Kijerumani kama Heckler & Koch zina herufi mbili, A ni 0, B ni 1, mnaendelea hivyo mpaka I ni 8 na K ni 9, J wameiruka, kwa hiyo BK ni 2019. Ukikuta bunduki "mpya" ilipimwa miaka saba iliyopita haimaanishi imetumika, inaweza kuwa ililala stoo, ila muulize muuzaji ilikuwa wapi muda wote huo. Kwa viwanda vya Marekani piga simu huduma kwa wateja ukiwa palepale kaunta, wape siriali, uliza vitu viwili: ilitoka lini, na je, iliwahi kurudi kwao kwa matengenezo. Bunduki "mpya" yenye historia ya matengenezo umeshapata jibu.

Kuna wengine wana usajili wa waranti kwenye tovuti yao. Ukiingiza siriali ikakwambia imeshasajiliwa na mtu mwingine, piga picha ya hiyo skrini haraka. Hakuna maelezo ya kiwandani yanayoweza kufunika hilo. Na lina uzito kwa sababu waranti za viwanda kadhaa zinamlinda mnunuzi wa kwanza tu, na wa kwanza tayari sio wewe.

Hatua ya 5: kuamua

Sasa hapa kila mtu na moyo wake ila mimi naona hivi. Michubuko ya kushikwashikwa bila masizi, chukua, omba punguzo au magazini ya ziada, maana kiufundi bunduki haijapungukiwa kitu. Masizi ya wastani lakini skrubu safi na siriali safi, piga simu kwa muuzaji ukiwa bado kaunta, ongea bei, msipoelewana acha. Skrubu zilizotafunwa, alama za darubini, nyufa ndani ya mtutu, siriali isiyofanana, waranti yenye jina la mtu, hizo usichukue hata wakikupa nusu bei, kwa sababu hujui kingine gani kimechokonolewa ndani, na hiki ni kitu kinacholipuka karibu na uso wako.

Jamaa mmoja ninayemfahamu alikaa kwenye hali hiyo ya katikati, bastola ina masizi mazito, duka (silitaji) likamwambia kwenye simu "chukua tu, ukifika nyumbani tutaongea punguzo". Akasaini. Punguzo halijaonekana mpaka leo. Ahadi ya simu idai kwa imeili kabla ya kusaini, ukiwa hapohapo, na kama hawawezi kuandika mistari miwili basi hawana nia.

Hatua ya 6: kuikataa bila kupoteza hela

Ukikataa kabla ya fomu, kisheria bunduki haijawahi kukabidhiwa kwako. Dila anaiandika kwenye kitabu chake imerudi kwa aliyetuma, mwisho. Piga picha kabla haijafungwa: siriali, skrubu, uso wa nyuma, kitambaa chenye weusi, boksi na lebo zake. Mwombe dila aandike mistari michache ya alichokiona.

Halafu andika imeili kwa muuzaji siku hiyohiyo. Usitukane. Sema namba ya oda, tarehe, kwamba tangazo lilisema mpya, kwamba umekagua mbele ya dila ukaona hiki na hiki, kwamba UNAKATAA bidhaa kwa kuwa hailingani na ulichonunua, na unataka nyingine au hela yote pamoja na gharama ya kurudisha. Neno kukataa liwe wazi. Sheria ya biashara inayotumika karibu majimbo yote, UCC, inampa mnunuzi haki ya kukataa bidhaa isiyolingana na makubaliano ilimradi aseme ndani ya muda wa kuridhisha, kwa hiyo ukikaa wiki tatu unawaza umejiharibia. Wakitaka kukukata ada ya kurudisha mzigo wakumbushe kwamba hujabadilisha mawazo, wao ndio wameleta kitu tofauti.

Ulilipa kwa kadi ya mkopo? Safi, na ndio maana usilipie vitu hivi kwa debiti. Fair Credit Billing Act ya 1974 inakuruhusu kupinga malipo ya kitu ambacho hakikuja kama mlivyokubaliana, kwa barua, ndani ya siku 60 tangu bili ya kwanza yenye hayo malipo itumwe. Muuzaji akigoma, barua iende benki na picha zote. Baada ya hapo kuna ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, kitengo cha walaji, unajaza malalamiko bure. Wale wa usalama wa bidhaa wa serikali kuu, CPSC, usipoteze muda nao, bunduki haziko chini yao.

Kama umeshaipeleka nyumbani

Usiifyatue. Usiisafishe. Najua inawasha mikono lakini risasi ya kwanza ukipiga masizi yote yanakuwa ya kwako na hakuna wa kukusikiliza. Ifungue kama kitabu chake kinavyoelekeza, piga picha mchana kwenye mwanga wa dirisha, weka kitambaa na pamba zenye uchafu kwenye mfuko wa plastiki. Muuzaji kwanza, kisha kiwanda. Muuzaji mwenye heshima yake anaweza kukupa kitu, ila nguvu uliyokuwa nayo kaunta haipo tena.

Kiwanda kikikubali kuiangalia, waambie wao wakutumie lebo ya kusafirishia iliyolipiwa, usiibebe kichwakichwa posta au kwa kampuni ya mizigo, sheria za kutuma bastola ni kali na kampuni zina masharti yao juu ya sheria. Kumpa rafiki airudishe dukani "kwa jina lake" au akachukue nyingine kwa niaba yako ndio usithubutu, kuna watu wamefungwa kwa mambo ya kujaza fomu kwa ajili ya mtu mwingine.

Na kama shaka yako sio kufyatuliwa tu bali kwamba imeibwa au imefanyiwa tukio, polisi wa eneo lako wanaweza kuangalia siriali kwenye orodha ya zilizoibwa. Piga ile namba yao isiyo ya dharura ueleze. Usiiweke kwenye begi ukaingia nayo kituoni, tafadhali sana, hasa sisi wenye rangi hii na lafudhi hii. Watakwambia wenyewe waje au uilete vipi.

Kiwanda kikiamua kukubadilishia, sheria ya shirikisho inawaruhusu kukutumia bunduki ya aina ileile moja kwa moja kwako bila kupita tena kwa dila, ila majimbo mengine hayataki hivyo, na siriali itakuwa mpya, kwa hiyo walioko sehemu kama New York ambako siriali ya bastola inaandikwa kwenye leseni yako ni lazima ukarekebishe leseni, na bima ya nyumba nayo uwape namba mpya.